Kadi Yenye Njaa Kuliko Zote na Mita ya LUKU ya Unyambwa

Mpwa wangu anaishi Unyambwa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida. Mwanzoni mwa kiangazi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Ilikuwa orodha ya vifaa anavyotaka kuundia kompyuta ya gemu, na juu yake ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Pitia halafu uniambie nianze kusaka kipi." Nikapitia. Kila mstari ulikuwa na bingwa wa dunia wa aina yake: kadi yenye nguvu kuliko zote, prosesa yenye kasi kuliko zote, diski inayosoma haraka kuliko zote.

Nimefuatilia rekodi hizi za kompyuta kwa miaka mingi na nazipenda kwa dhati, kwa hiyo sikutaka kumkatisha tamaa. Nilimweleza habari za kila bingwa aliyemwandika, kisha nikamwonyesha bingwa mwingine, yule anayeifaa nyumba yenye mita ya umeme ya LUKU ukutani na vumbi la Singida mlangoni.

YENYE NJAA KULIKO ZOTE

Mstari wake wa kwanza ulikuwa kadi ya grafiki GeForce RTX 5090 ya NVIDIA, iliyoingia sokoni tarehe 30 Januari 2025 kwa bei ya kuanzia ya dola 1,999. Ndani yake mna transista bilioni 92.2. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa nazo 2,300 tu. Kumbukumbu yake ni GB 32, na hupitisha GB 1,792 za data kila sekunde. Njaa yake nayo ni ya rekodi: wati 575, wakati RTX 4090 iliyoitangulia mwaka 2022 iliridhika na wati 450.

Nikamwambia achukue kalamu. Wati 575 kwa saa 4 kila usiku ni uniti 2.3. Kwa siku 30 ni uniti 69. Mteja mdogo wa nyumbani wa shirika la umeme, TANESCO, yule wa kundi la D1, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, alimradi matumizi ya mwezi yasivuke uniti 75. Kadi peke yake, kabla hujahesabu prosesa wala monita, imeshamaliza 69. Zinabaki uniti 6 za taa, friji, pasi, televisheni na simu za nyumba nzima. Ya 76 na zinazofuata huuzwa shilingi 350 kila moja, na nyumba ikizoea kuvuka mpaka huo huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kuanzia ile ya kwanza. Kijana mmoja akicheza gemu sebuleni, bei ya umeme wa mama yake anayepiga pasi inapanda.

Sasa bingwa wa pili. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, huchapisha kila mwezi takwimu za vifaa vya wateja wake duniani. Kwa karibu miaka mitano kadi iliyoongoza ilikuwa GTX 1060, ya mwaka 2016, inayokula wati 120. Novemba 2022 ikang'olewa kileleni. Iliyoing'oa ni GTX 1650, kadi ya mwaka 2019 iliyouzwa kwa dola 149 ilipotoka na inayotumia wati 75. Nambari hiyo 75 ina maana kubwa, kwa sababu ndicho kiwango cha umeme ambacho tundu la mazabodi linaweza kuipa kadi bila waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Unaichomeka, unafunga skrubu moja, unawasha. Wachezaji wengi kuliko wote duniani walikuwa hapo, kwenye kadi ya mtu wa kawaida.

Ukitaka rekodi ya kundi hilo la kadi zisizo na waya, yenye nguvu kuliko zote kati ya GeForce ni RTX 3050 ya GB 6, ya Februari 2024, inayotosheka na wati 70. Hiyo ndiyo niliyompigia mstari. Bajeti ikigoma, GTX 1650. Ikigoma zaidi, GTX 1050 Ti ya 2016, ambayo nayo haihitaji waya. Ila aitazame kadi yenyewe kwa macho kabla ya kulipa, maana baadhi ya watengenezaji waliziongezea 1650 zao tundu la pini 6, na muuzaji wa kwenye simu hatakumbuka kukuambia.

KINACHODHARAULIWA KULIKO VYOTE

Pawa saplai ilikuwa ya mwisho kwenye orodha, na mbele yake alama ya kuuliza. Mimi ningeiandika ya kwanza, kwa herufi kubwa.

Singida ni njia panda ya umeme wa taifa. Laini ya kilovolti 400 ya kilomita 670 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, inaishia Shinyanga. Na laini inayotuunganisha na Kenya inaondokea hapo hapo Singida, inapanda Arusha na Namanga hadi Isinya. Lakini nyumba haichomekwi kwenye kilovolti 400. Umeme ukishashushwa, ukapita kwenye transfoma ya mtaa, ukatembea nguzo kwa nguzo mpaka nyumba ya mwisho, na jioni kila mtu kawasha pasi na jiko, zile volti 230 za kwenye vitabu huwa zinashuka. Taa inafifia, feni inalegea, kisha vinarudi ghafla kwa nguvu. Kuna watu wanaodhani kompyuta yao imeharibiwa na gemu nzito, kumbe imeuawa na dakika moja ya namna hiyo.

Nina kovu langu kwenye jambo hili. Miaka iliyopita nilinunua kompyuta ya mtumba, nikaibeba hadi nyumbani kwa furaha, nikachomeka bila kuangalia mgongo wake. Nyuma ya pawa saplai za zamani huwa kuna kiswichi kidogo chekundu chenye nambari mbili, 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani hufika kikiwa kwenye 115. Kikikaa hapo, saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili ili zitoshe. Ukiipa 230 inazizidisha hizo pia, na kapasita hazihimili. Mlio ulikuwa mmoja. Harufu ilikaa chumbani siku mbili, na pesa ya kununua nyingine nilikaa miezi kuitafuta. Ndiyo maana namwambia kila kijana: geuza boksi kwanza, usome mgongo.

Rekodi za kifaa hiki zipo. Mpango wa 80 Plus ulioanza mwaka 2004 hutoa cheti kwa pawa saplai ambayo angalau asilimia 80 ya umeme inaoutoa ukutani unafika kwenye vifaa badala ya kugeuka joto. Kwa muda mrefu ngazi ya juu kabisa kwa mashine za nyumbani imekuwa Titanium, inayofikisha asilimia 94 au zaidi mzigo ukiwa nusu. Unyambwa haihitaji Titanium. Inahitaji ngazi ya Bronze kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, wati 450 au 500 za kweli, isiyo na kiswichi chekundu, na yenye lebo iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Hiyo ndiyo itakayovumilia jioni za umeme mdogo. Akiishika mkononi na kuiona nyepesi kama boksi tupu, airudishe kaunta.

Baada yake ije UPS. Ile ndogo ya VA 650 iliyozoeleka hubeba wati 360 hivi, kwa hiyo kompyuta yenye RTX 5090 ingeilaza palepale, wakati mashine ninayompendekeza ingepata dakika za kutosha kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu. Na masika yakianza na radi zake, hakuna UPS wala stabilaiza inayoshinda kuchomoa plagi ukutani. Wingu likikusanyika, chomoa, pamoja na waya wa antena au wa intaneti kama upo.

YENYE KASI KULIKO ZOTE

Mpwa wangu alikuwa ameandika Core i9-14900KS, prosesa ya Intel iliyotoka Machi 2024 ikiwa na kasi ya kiwandani ya gigahezi 6.2. Hapa nilimsimulia hadithi ninayoipenda.

Agosti 2011, mjini Austin, Texas, prosesa ya AMD FX-8150 ilisukumwa hadi gigahezi 8.429, na Guinness wakaiandika kitabuni. Mwaka 2014 FX-8370 ikafika 8.722, na rekodi hiyo ikakaa miaka minane bila kuguswa, ingawa FX zilikuwa zimekwisha kupitwa kwenye kila kazi ya maana. Desemba 2022 Msweden anayejulikana kwa jina la Elmor akavuka ukuta wa 9 kwa Core i9-13900K: gigahezi 9.008. Machi 2024 akafika 9.117 kwa hiyo hiyo 14900KS. Agosti 2025 Mchina anayejiita Wytiwx akaisogeza rekodi hadi 9.130.

Kinachofanya nyingi kati ya rekodi hizi ziwezekane ni heliamu ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi takriban 269 chini ya sifuri. Humwagwa kwenye kikombe cha shaba kilichokalia prosesa, na kazi nzima huchukua muda mfupi tu, kwa viini vichache, bila gemu yoyote kufunguliwa. Ni ufundi wa hali ya juu na nauheshimu. Lakini kati ya gigahezi 8.722 za mwaka 2014 na prosesa ya kawaida ya ofisini ya miaka minne baadaye iliyotulia kwenye gigahezi 4, ya pili ndiyo inayocheza gemu vizuri zaidi, kwa sababu viini vyake vyote hufanya kazi, na kila kimoja hufanya mengi zaidi katika kila pigo la saa yake. Gigahezi za vizazi tofauti hazilinganishiki, kama vile huwezi kulinganisha debe la alizeti na debe la mafuta yake.

Prosesa iliyobadilisha mchezo wenyewe ilikuwa Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. AMD walibandika kumbukumbu ya ziada juu ya kiini, ikafika MB 96, na bila kuongeza kasi ya saa gemu zikapaa. Mjukuu wake, 9800X3D wa Novemba 2024, alipotoka ndiye aliyeshika taji la prosesa ya gemu yenye kasi kuliko zote.

ILIYODUMU KULIKO ZOTE

Tukiwa kwa AMD: soketi ya AM4 ndiyo ninayoipa heshima kubwa kuliko rekodi zote za orodha hii. Ryzen za kwanza ziliikalia Machi 2017. Mazabodi ya bei ndogo ya mwaka huo, ukiisasisha programu yake ya ndani, inaweza kupokea 5800X3D iliyotoka miaka mitano baadaye, na AMD waliendelea kutoa prosesa mpya za AM4 hata mwaka 2025. Upande wa Intel, katika muda usiozidi huo, aliyenunua soketi ya 1151 alikuta imebadilishwa mwaka 2017 huku jina likibaki lile lile, ikaja 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021 na 1851 mwaka 2024. Kwa mtu anayejenga kidogo kidogo, mavuno kwa mavuno, soketi isiyohama ni akiba. Leo ananunua Ryzen 5 ya mtumba, mwakani anabadilisha prosesa peke yake, mazabodi na RAM vinabaki.

Ukiweza kupata vifaa vya AM4, hiyo ndiyo njia ya kwanza. Njia ya pili ndiyo inayopita mlangoni kwetu.

INAYOPATIKANA KULIKO ZOTE

Basi linaloshusha kuku wa Singida jijini Dar es Salaam hurudi na mizigo ya Kariakoo, na ndani ya mizigo hiyo, karibu kilomita 700 baadaye, huwa mna maboksi meusi ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni kompyuta zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Hakuna mashine ya mezani iliyo rahisi kuipata Tanzania kama hizi, na zilijengwa kufanya kazi mchana kutwa bila kulalamika.

Babu zetu hawakuwa na bahati hiyo. Kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kukwama, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Kijana wa Unyambwa anayechagua kati ya OptiPlex tatu kwa picha za simu anafanya jambo ambalo mtaalamu wa mwaka 1975 asingeweza.

Basi achague vizuri. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo sababu za kizazi cha 3 na cha 4 zinamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, na ndiyo sababu nilimwambia asizishike ila kama amedhamiria kutumia Linux. Atafute Core i5-8500: viini 6, wati 65, ya mwaka 2018, iliyomo kwenye OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Aulize boksi lenye umbo la mnara. Yale membamba yanadai kadi fupi, ambazo ni adimu na muuzaji anajua kuwa ni adimu.

Na kuna mtego unaowapata wengi. Kampuni hizi hupenda plagi za kwao. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, kwa mfano, haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Inatumia ya pini 8 ya Dell. EliteDesk 800 G1 ya mwaka huo huo ina ya pini 6 ya HP. Ukinunua pawa saplai nzuri ya dukani itakutazama tu mpaka upate adapta. Kadi isiyo na waya inakuepusha na hayo yote, kwa kuwa kwenye maboksi haya pawa saplai ya kiwandani inatosha; ile ya Bronze ni ya anayejijengea boksi lake.

Jambo moja la lugha: mafundi wengi huliita boksi zima "CPU". Ukiagiza kwa simu, sema prosesa unapotaka prosesa.

ILIYOPANDA BEI KULIKO ZOTE

RAM. Mwishoni mwa 2025 vituo vya akili bandia vilizinyakua kumbukumbu duniani, bei zikaruka, na Desemba Micron ikatangaza kuiacha chapa yake ya Crucial, ambayo mafundi wa nyumbani waliitegemea kwa karibu miaka 30. Kwa hiyo mashine ikija na GB 16 ndani, hizo ni pesa. Ila ahesabu vipande. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vikiwekwa kwenye matundu yao sahihi hupitisha 51.2. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa kwa anayeanza kwa kutumia grafiki ya ndani ya prosesa huku akidunduliza ya kadi.

ILIYOVIMBA KULIKO ZOTE

Diski ya kwanza ya kompyuta, iliyokuja na RAMAC ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na uzito wa karibu tani moja na ilihifadhi herufi milioni 5. Samsung 9100 Pro ya 2025, yenye upana wa milimita 22, husoma hadi MB 14,800 kwa sekunde. Mpwa wangu aliiandika hiyo. Mazabodi ya 2018 haiwezi kuitumia hata nusu, na kwenye gemu tofauti yake na SSD ya kawaida ya SATA, ya MB 550, ni sekunde chache za kusubiri. Kuruka kunakoonekana kwa macho ni kutoka kwenye hadidiski ya zamani kwenda SSD yoyote.

Apime ujazo badala ya kasi. GTA San Andreas, iliyowatoa wengi wetu gizani, ilidai GB 3.6 za diski na RAM ya MB 256. Mwaka 2020 Call of Duty: Modern Warfare ilipita GB 200, ikawa SSD ya GB 240 haitoshi gemu moja pamoja na Windows. Kwa anayeishi kwa bando la simu, gemu ya namna hiyo ni mshahara wa mtu. Tangu Februari 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupeana gemu bila kuipakua upya. Rafiki mmoja mjini mwenye intaneti ya waya anaweza kuwa kifaa cha thamani kuliko diski ya Samsung.

HEWA NA VUMBI

Singida mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto pungufu kidogo. Fidia yake ni jioni zenye baridi, na kukosekana kwa chumvi ya bahari inayokula mazabodi za pwani. Adui ni upepo wa kiangazi na vumbi lake laini. Boksi lisikae sakafuni. Lipandishwe juu ya meza, mbali na dirisha, na kila mwezi lipulizwe nje ya nyumba huku mabawa ya feni yameshikwa kwa kidole yasizunguke. Na kwa mashine ya mtumba, kabla ya gemu ya kwanza, fundi aondoe hitisinki, afute ile pesti ya joto iliyokauka tangu 2018, apake mpya kiasi cha punje ya mtama.

Boksi lilifika kwa basi siku ya Alhamisi. Core i5-8500, vipande viwili vya GB 8, SSD ya GB 480, RTX 3050 isiyo na waya, monita ya ofisini ya inchi 22. Jumamosi alizima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa taa moja, akacheza saa mbili, akanitumia picha mbili za LUKU. Saa mbili usiku: 41.60. Saa nne: 41.22.